Nilivyoikubalia bodi shamba la chuo Sumbawanga bila kuwauliza wanachuo wenzangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka na mnaosinzia ofisini.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, miaka inapita sijaandika kitu. Ila juzi kuna kijana aliuliza: hivi wawakilishi wa wanafunzi kwenye bodi na mabaraza ya vyuo wana faida gani, au wanaenda kunywa soda tu?

Watu wakacheka, wakatupia vikatuni, uzi ukafa.

Mimi sikucheka. Niliwahi kuwa huyo mnywa soda.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha na chuo sikitaji. Kama kuna mtu humu alikuwepo siku ile, atanijua kabla hajafika katikati, na akiona nimetia chumvi aje aniumbue hapa hapa.

Halafu jambo moja mapema. Najua mkisikia Sumbawanga, wengi mnawaza radi za kutumwa na ungo. Uzi huu hauna mganga. Mwenye hamu hiyo ajaribu jukwaa lingine.

Twende.

Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walihama na ng'ombe kutoka kaskazini magharibi wakashukia Bonde la Rukwa, maeneo ya Kaoze. Ndiko nilikokulia. Kwetu kulima ni plau na maksai, unaanza asubuhi, jua likipanda umeshapasua eneo la kutosha kijiji. Jembe la mkono tulilijua kama adhabu ya shuleni.

Nilipomaliza form six nikapangiwa chuo cha ualimu huko juu, Ufipa. Nikapanda lori la mpunga, tukakwea ule mlima, nikashuka Sumbawanga mjini nikitetemeka. Baridi ya kule mwezi wa sita, wakuu, nilikuwa navaa makoti mawili ya mitumba kwa mpigo na bado nawaonea wivu ng'ombe.

Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba imejaa soko, vyama vingi vimeingia, kila mtu ni mfanyabiashara au anataka kuwa. Vyuoni neno jipya lilikuwa uchangiaji. Tuliambiwa serikali peke yake haiwezi tena.

Na kwa upepo huo huo likaja jambo lingine. Zamani chuo kilikuwa na kiranja mkuu, anateuliwa na mkuu wa chuo, kazi yake kugonga kengele na kuandika majina ya watoro. Sasa tukaambiwa tuchague serikali yetu wenyewe, na rais wa wanachuo ataingia kwenye bodi ya chuo kama mjumbe kamili.

Nikagombea. Nilishinda kwa sababu nilikuwa naongea sana, hakuna sababu nyingine.

Niliyemshinda ni dada Anastazia. Huyu alikuwa mkubwa kwetu, mama wa miaka thelathini na kitu. Alishafundisha shule ya msingi huko Kate miaka mingi, akaja chuoni kujiendeleza. Mjane, watoto wawili kawaacha kwa mama yake. Siku ya kampeni alisimama, akasema maneno machache, akakaa. Mimi nilihutubia mpaka kengele ya chakula ikalia.

Sasa niwaeleze shamba.

Chuo kilikuwa na shamba kubwa la kujitegemea kwenye mteremko nyuma ya mabweni. Wanachuo wote walilima kwa vikundi, kila mtu na kipande chake, isipokuwa sisi wachache tuliopangwa kwenye zizi. Msukuma na ng'ombe, nani angebisha? Kwa hiyo tangu nifike sikuwahi kushika jembe kule. Nilikuwa naliona shamba kwa mbali kutoka zizini, wala sikufuatilia kinachoota humo.

Na nilichokiona kilinichefua. Mteremko mzima ulikuwa umejaa marundo ya udongo na nyasi, ya duara, yanafika magotini, mamia kwa mamia. Mwezi wa kumi, jua kali, upepo wa vumbi, marundo yamekauka na kuota majani makavu. Mimi mtoto wa plau niliona vichuguu vilivyohamwa na mchwa.

Nilijisemea, hawa Wafipa wavivu kweli, wameshindwa hata kusawazisha ardhi.

Mwezi huo ndio nikaingia kikao changu cha kwanza cha bodi.

Nilivaa suti ya mtumba, mikono mirefu mpaka vidole vinapotea. Nikapewa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mbele yangu wakaweka soda ya machungwa na biskuti. Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mstaafu mwenye mvi na sauti ya taratibu, akaniita "Mheshimiwa Rais wa Wanachuo."

Kichwa kikavimba hapo hapo.

Ajenda ikafika kwenye shamba. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa ameomba apewe mteremko wote, alime mahindi ya kisasa kwa trekta. Yeye angetuezekea upya paa la bwalo na kutuwekea mashine ya kusaga. Kuhusu chakula, wanachuo wangechangia wenyewe: kila mmoja angekuja na madebe yake ya mahindi na maharage kila muhula.

Mkuu wa chuo aliunga mkono. Alikuwa mtu mwema, nasema kwa dhati, ila alitoka mbali, kwao ni migomba na kahawa. Akasema, "Shamba lile linatutia aibu. Mgeni mmoja aliniuliza kama ni makaburi."

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akageuka akaniangalia, akaniangalia kwa muda kweli, akauliza:

"Na wanachuo wenyewe mnasemaje?"

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Waheshimiwa, wanachuo tunaafiki. Vile vichuguu hata sisi vimetuchosha."

Wakanipigia makofi. Mkuu wa chuo, ambaye ndiye katibu, akaandika: wanachuo wameafiki. Mwenyekiti akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Haya. Kama ndivyo." Tukaenda ajenda inayofuata.

Wakuu, hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenitisha wala kunihonga. Habari ya madebe niliisikia vizuri kabisa, ila kwetu chakula hakikuwa tatizo, kwa hiyo ilipita sikio hili ikatokea lile. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni nikaingia bwaloni kwa mwendo wa kibalozi. Nikatangaza habari njema: paa jipya, mashine ya kusaga, na shamba linachukuliwa Ijumaa ijayo, hakuna tena kulima.

Vijiko vikasimama.

Kwetu ningezomewa. Hapa hakuna aliyezomea. Walinitazama tu, wakarudi kwenye sahani zao polepole. Afadhali wangenizomea.

Dada Anastazia akaja kwenye meza yangu, akakaa.

"Rais, pole na kikao."

"Asante, dada."

"Hayo maharage unayokula yametoka wapi?"

"Stoo."

"Stoo waliyatoa wapi?"

Nikaendelea kutafuna.

"Yametoka kwenye hivyo vichuguu vyako," alisema. Sauti haikupanda hata kidogo. "Na ugali wa ulezi unaourudia kila siku, nao umetoka kule kule. Ulituuliza lini, mdogo wangu?"

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la pili. Yale marundo Kifipa wanaita intumba. Mvua zikikaribia kwisha wanalima nyasi, wanazirundika, wanazifunika kwa udongo, juu wanapanda maharage. Maharage yakivunwa, rundo linaachwa kiangazi chote, nyasi zinaoza ndani. Mvua mpya zikianza, linapasuliwa, linasambazwa, ndipo unapandwa ulezi. Trekta likipita sasa, kazi ya mwaka mzima imekwenda, ulezi hakuna, na maharage ya mwakani hakuna.

"Na hayo madebe," akaendelea, "wewe yatatoka Kaoze kwa baba. Mimi nyumbani kuna bibi kizee na watoto wawili, nani analima? Nikiambiwa nije na madebe, mimi chuo kimeisha. Nihesabu mimi, halafu zunguka bwalo hili uhesabu wengine."

Nikamwambia nitajiuzulu kesho asubuhi. Nilidhani ni ushujaa.

Akanicheka. "Ujiuzulu ukalale? Neno ulilipeleka wewe, utalirudisha wewe."

Kesho yake nikaenda kwa mkuu wa chuo. Akanisikiliza, akavua miwani.

"Masanja, jana mmeafiki, leo mmegeuka. Bodi itasema ninyi si watu wazima. Ijumaa watakuja shambani kumwonyesha yule bwana mipaka. Mkiwa na neno, lisemeni hapo kwa adabu. Lakini nikiona mgomo, nafunga chuo."

Na si utani. Miaka ile vyuo vilikuwa vinafungwa, watu wanarudi kwao na masanduku vichwani.

Nikaitisha mkutano wa wanachuo wote, uwanjani. Nilikuwa naogopa, kwa sababu vijana kadhaa walishasema wazi wanataka kugomea vipindi na kulizuia trekta kwa mawe. Dada Anastazia akaomba kitu kimoja: kila anayetaka kusema aseme mpaka amalize, asikatwe.

Basi. Hapo ndipo nilipoanza kustaajabu.

Mtu alisimama, akasema yake yote. Akimaliza, watu wanakusanya viganja na kupiga makofi madogo ya heshima, yale ya Kifipa, hata kama hawakubaliani naye. Anasimama mwingine. Wale wa mawe walisikilizwa mpaka mwisho na wakapigiwa makofi yale yale, na mmoja wao alipokaa, nikamwona hasira imemtoka usoni. Kazi ya mawe ikafa bila kupingwa na mtu.

Ilichukua mchana mzima. Nilikuwa nimekaa na watu hawa mwaka na zaidi, na kuna sauti nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza.

Mmoja alikuwa jamaa wa kutoka Kaengesa. Mpole mno, mpaka sisi wa zizini tulimpa jina la Bubu. Akasimama akiangalia chini.

"Bodi tusiwaambie sana. Tuwaonyeshe. Ijumaa kila mtu asimame kwenye intumba aliyoilima mwenyewe."

Nikauliza, kwa ujinga wangu, "Kwani mtu anaijua ya kwake? Si yote yanafanana?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kumbe kila mtu anazijua za kwake kama anavyojua kitanda chake. Mimi peke yangu na wenzangu wa ng'ombe hatukuwa na pa kusimama.

Ijumaa ikafika.

Trekta jekundu lilitangulia, likaegeshwa kando ya barabara. Mfanyabiashara akashuka na kofia yake pana. Bodi ikaja na pikapu. Mimi kama mjumbe nikaungana nao, tukazunguka mabweni kwa miguu kuelekea shambani, mkuu wa chuo anaeleza mipaka.

Tukatokeza kwenye mteremko.

Wanachuo wote walikuwa wamesimama, kutoka bondeni mpaka juu kabisa, kila mmoja kando ya rundo lake. Hakuna bango, hakuna wimbo. Upepo tu unapeperusha sketi na mashati.

Halafu wote kwa pamoja wakachuchumaa, wakainamisha vichwa, wakapiga yale makofi. Ndiyo salamu ya kwao kwa mtu mzima. Viganja mamia, taratibu, mlima mzima, kama mvua inapoanza kuonja bati.

Wakuu, nywele zilinisimama. Baadaye maishani nimehudhuria mikutano ya kampeni yenye helikopta na bendi za muziki. Sijawahi kuona tena nguvu kama ile, na ilikuwa ni watu wanaamkia tu.

Trekta lilikuwa bado linanguruma. Mfanyabiashara mwenyewe akamwashiria dereva azime.

Nikamtazama mwenyekiti wa bodi. Yule mzee alivua kofia, akaibana kwapani, akakusanya viganja vyake na kuwajibu. Hapo ndipo nilipojua kumbe ni Mfipa. Suti na Kiswahili cha ofisini vilimficha.

Nikatoka mbele.

"Shikamoo mzee mwenyekiti. Shikamooni wajumbe. Kwenye kikao nilisema wanachuo wameafiki. Nilisema uongo. Sikumuuliza hata mmoja. Nilisema ya kwangu nikayaita ya wote. Wenyewe ni hawa hapa, naomba muwasikilize."

Msemaji mkubwa nilikuwa nimeishiwa.

Dada Anastazia akaamkia, akachukua jembe, akalipasua rundo lake mara moja katikati.

Nje udongo ulikuwa wa kijivu, mkavu, umekakamaa. Ndani ulikuwa mweusi. Mweusi na unyevu, mwezi wa kumi, wakati ardhi yote kuzunguka imepasuka nyufa. Ulitoka harufu ya mvua.

Mkuu wa chuo alichuchumaa na tai yake, akauchota, akauminya. Ukashikana mkononi.

"Mbolea hii mmenunua wapi?"

"Haijanunuliwa, mkuu. Ni nyasi za hapa hapa."

"Nani kawafundisha?"

"Mama zetu."

Akabaki amechuchumaa pale, udongo mkononi, akitazama yale marundo mengine moja baada ya lingine kama mtu aliyepewa hesabu mpya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimekuwa nafundisha kilimo hapa miaka mitatu."

Nikadhani sasa mwenyekiti atamgeukia yeye. Alinigeukia mimi.

Na maneno aliyoniambia ndiyo sababu ya uzi huu.

"Kijana, mimi nimezaliwa Kate. Nimekula ulezi wa intumba mpaka nikaota ndevu. Siku ile mezani nilijua kabisa tunachokigawa. Nikasema moyoni, nikipinga wataniita mzee wa zamani, ngoja nisikie vijana. Vijana wakikataa, nami nina pa kusimama. Nikakuuliza. Ukasema mmechoka navyo."

Akarudisha kofia kichwani.

"Nilikuwa nasubiri neno lako."

Wakuu, nilishikwa na woga ambao sijui niuelezeje. Mimi nilidhani nimewekwa pale kama pambo. Nilidhani wakubwa walishaamua na mimi ni wa kupiga muhuri tu. Kumbe meza nzima ilikuwa imesimama kwenye mdomo wangu, mdomo wa kijana mwenye suti ya kuazima kwa mzungu asiyemjua.

Bodi ilikaa pale pale, wamesimama shambani. Wanachuo watatu wakaitwa waseme. Ikaamuliwa mteremko ubaki, na yule bwana akitaka achukue kipande cha tambarare kando ya barabara, ambacho hakikuwa na kitu. Maneno "wanachuo wameafiki" yakafutwa kwenye muhtasari, yakaandikwa mengine.

Mfanyabiashara akapanda trekta lake akilalamika kwamba angejua angelipeleka Kaengesa tangu asubuhi, tumemchomea dizeli ya bure. Tambarare hakuitaka.

Na msije mkadhani kila kitu kiliisha kwa raha. Mashine ya kusaga haikuja. Paa la bwalo liliendelea kuvuja, mtihani wa mwisho tuliufanya humo tukihamisha madawati kila wingu likipita. Kila tone lilipoanguka, kulikuwa na mtu wa kunitania: "Rais, paa letu vipi?"

Lakini hakuna aliyerudi nyumbani kwa kukosa madebe. Dada Anastazia alimaliza. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, sasa amestaafu, na nikimpigia simu bado namwamkia.

Jioni ya Ijumaa ile alinikabidhi jembe. "Sasa Rais, mwezi wa pili uje ulime ya kwako."

Nikaenda. Rundo langu lilikuwa limepinda upande, Bubu alicheka mpaka akakaa chini. Ila liliota maharage. Na tangu hapo hakukuwa na kikao cha bodi bila mkutano wetu kwanza, kila mtu anamaliza anachosema, makofi, anafuata mwingine. Mimi nilikuwa naenda na karatasi ya walichosema na kurudi na karatasi ya walichojibiwa.

Miaka imekwenda. Leo na mimi ni mtu mzima, nipo kwenye baraza la chuo kikubwa zaidi ya kile, mkoa mwingine. Mwezi uliopita tulikuwa na ajenda inayowagusa wanafunzi. Mwakilishi wao alikuwa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Suti nzuri, soda mbele yake. Akasimama akafunga kifungo.

"Wanafunzi tunaunga mkono."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nikamuuliza taratibu, kama nilivyoulizwa:

"Umewauliza lini, mdogo wangu?"

Akaitazama soda.

Niliomba ajenda ile isogezwe wiki moja, na baraza likakubali. Kijana aliondoka haraka, soda yake akaiacha nusu. Wiki iliyofuata alirudi na kurasa nne za mkono, na wanafunzi walikuwa wamekataa. Hatukupitisha.

Kwa hiyo yule mdogo wangu aliyeuliza wawakilishi wana faida gani, jibu langu ni hili. Kwenye ile meza huenda yupo mtu mmoja mwenye mvi anayejua ukweli na hana pa kusimama. Anasubiri neno lako. Usiende na la kwako peke yako.

Wewe uliyewahi kukalia kile kiti cha karibu na mlango, ulisema nini siku ile? Karibu ueleze. Naomba tu tufanye kama pale uwanjani: mtu amalize kwanza, ndipo mwingine aanze.